Je, Wajua? Shauku na Kusita kwa Kigiriki

Je, wajua kwamba neno la Kiingereza “eager” (mwenye shauku) halina tafsiri moja tu kwa Kigiriki?

Aliye tayari kusaidia kwa moyo mkunjufu huitwa *prothymos*. Lakini mtoto anayehesabu siku za kungojea sikukuu ni *anypomonos*, yaani asiye na subira. Mfasiri lazima ajue kwanza kama shauku hiyo ni utayari au ni papara.

Ndani ya *prothymos* mna neno *thymos*, ambalo zamani lilimaanisha roho au moyo wenye hisia. Leo, likisimama peke yake, humaanisha hasira!

Na “reluctant” (mwenye kusita) je? Ukitanguliza *a-* ya kukanusha unapata *aprothymos*, asiye tayari. Anayesitasita kwa mashaka ni *distaktikos*. Afanyaye jambo bila kupenda, Wagiriki husema amelifanya *me misi kardia*, kwa nusu ya moyo.

Sisi Waswahili tungesema amelifanya shingo upande. Kwa Mgiriki kilichopungua ni moyo. Kwetu kilichopinda ni shingo. Mfasiri mzuri hutafsiri maana, si kiungo cha mwili.