Kusoma Ruksa, Kuandika Mwiko

Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1844, anasimulia katika kumbukumbu zake kwamba wasichana wa kasri walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Yeye alijifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1859, kakake Barghash alipokula njama ya kumpindua ndugu yao, Sultani Majid, karani wa njama hiyo alikuwa Salme, naye ana miaka 15 tu. Waliowanyima wasichana kalamu walijua basi walichokiogopa. Kuimba na kusimulia mwanamke aliachiwa, maana hayo yalifanyika mbele ya watu wanaomjua. Maandishi ni jambo jingine: hupita milango ambayo mwandishi mwenyewe, aliyewekwa utawani, hakuruhusiwa kuipita, na huko yaendako hana wa kumsimamia.

Atatokea wa kupinga: mbona pwani hiyo hiyo ya Waswahili imemtukuza mshairi Mwana Kupona binti Msham? Ni kweli, na hoja hiyo haipuuziki. Utendi wake, uliotungwa yapata mwaka 1858, ni miongoni mwa tungo zinazojulikana zaidi katika Kiswahili. Lakini tazama umependwa kwa lipi. Mama mgonjwa anamuusia bintiye kumcha Mungu, kushika adabu na kumtii mume. Kalamu ya mwanamke ilikubalika pale ilipolinda nyumba. Ndani ya wosia huo huo kuna mahali mume anafananishwa na mtoto mchanga asiyejua kusema, na wapo wahakiki wanaoona hapo kejeli iliyofunikwa. Nia ya mtunzi hatuwezi kuithibitisha, na mimi sidai. Ninachodai ni kwamba anayeusoma utendi kama kanuni za ndoa tu hawezi hata kuliona swali hilo, kwa sababu ameshaamua kuwa anamsoma mke mwema, si msanii.

Wengine husema tatizo lilikuwa ukosefu wa shule, na shule zimekwisha kufunguliwa. Shule zimesaidia sana: Penina Muhando alichapisha tamthilia ya Hatia mwaka 1972, na Ndyanao Balisidya akatoa riwaya ya Shida mwaka 1975. Hata hivyo matarajio kwamba mwanamke aandike ya nyumbani tu hayakufa, yalihamia kwenye uhakiki. Euphrase Kezilahabi alipoandika riwaya ya Rosa Mistika kuhusu msichana na malezi yake, tulisema ameandika kuhusu jamii. Muhando alipoandika Nguzo Mama, iliyotoka mwaka 1982, ambamo wanawake wa kijiji wanahangaika kuisimamisha nguzo, tamthilia hiyo iliwekwa upesi kwenye fungu la masuala ya wanawake. Ajabu ni kwamba Muhando hawabembelezi wanawake wake hata kidogo. Anaonyesha jinsi wanavyogawanyika na kuangushana wenyewe. Huo ni uchambuzi wa siasa ya kijiji kizima, na kuuita wa kike ni kuupunguza.

Walimu wa fasihi wana nafasi ya kurekebisha hili bila kungoja mtaala mpya. Wamuulize Mwana Kupona maswali yale yale wanayomuuliza mshairi Muyaka bin Haji: anaichezeaje lugha, anamlenga nani, na nini amekiacha bila kukisema.