Ini halingoji: kutoka sanduku la barafu mpaka mashine ya Zurich, na njia ya Lusangi

Mtu yeyote wa Lusangi aliyewahi kuchinja mbuzi anajua kinacholiwa kwanza. Maini yanachomwa siku ileile, mara nyingi kabla ngozi haijatundikwa. Mguu unaweza kukaushwa kwa moshi na kufika sokoni Kasongo baada ya siku kadhaa. Ini halingoji. Kwa joto la kwetu, likilala mpaka kesho, harufu yenyewe inasema.

Shida hiyo ya jikoni ndiyo waganga wanaopandikiza ini la binadamu wanapambana nayo kwa miaka zaidi ya 60. Ini la mtu aliyefariki linaweza kuokoa mgonjwa ambaye lake limekwisha kuharibika, lakini sherti lifike likingali hai. Tangu damu inapoacha kupita ndani yake, masaa yanahesabiwa.

Munganga Thomas Starzl wa Marekani alijaribu mara ya kwanza tarehe 1 Machi 1963, katika mji wa Denver. Mgonjwa wake, mtoto wa miaka 3, alitokwa na damu nyingi na kufa palepale kwenye meza ya upasuaji. Ni kunako mwaka 1967 tu ndipo mgonjwa wake mmoja alipoishi zaidi ya mwaka mzima.

Sasa, ini linatunzwaje nje ya mwili? Kwa baridi. Ini ni kiwanda kisicholala: linasafisha damu, linatengeneza nyongo, linaweka akiba ya sukari. Kazi hiyo yote inahitaji hewa inayoletwa na damu. Likipozwa mpaka nyuzi 4 hivi, kazi yake inashuka na kubaki karibu sehemu moja ya kumi. Ni kama mama anayefunika makaa kwa majivu usiku: moto hauzimi, ila unakula kuni kidogo.

Lakini baridi peke yake haitoshi. Chembe za ini zikikosa nguvu, zinashindwa kusukuma chumvi nje. Chumvi inaingia, maji yanaifuata, chembe zinavimba na kupasuka. Katika miaka ya 1980, Folkert Belzer na James Southard wa chuo kikuu cha Wisconsin, Marekani, walitengeneza maji ya dawa yenye sukari ambazo haziwezi kupenya ndani ya chembe, na hizo zinayazuia maji yabaki nje. Kabla ya hapo waganga walikuwa na masaa 6 mpaka 8 hivi. Baada yake walifikia 12, na mara zingine zaidi. Moyo, kwa kulinganisha, hauvumilii zaidi ya masaa 4 au kidogo zaidi. Figo ndiyo yenye subira: inaweza kungoja siku nzima.

Ufungaji wake ni rahisi kuliko mtu anavyofikiri. Ini linasafishwa damu, linapitishiwa yale maji ndani ya mishipa, linatiwa katika mifuko mitatu, mmoja ndani ya mwingine, kisha ndani ya sanduku lenye barafu. Barafu haigusi ini. Likiganda limekufa, kwa sababu maji yaliyo ndani ya chembe yanageuka barafu na kuzipasua.

Masaa 12. Tuyapime kwa njia zetu. Kutoka Kindu mpaka Kasongo ni kilomita zaidi ya 200, na kutoka Kasongo mpaka Lusangi bado kuna safari. Wakati wa kiangazi, mwenye moto nzuri anaweza kukupa saa ya kufika. Wakati wa mvua hakuna anayekupa saa, anakupa siku. Ulaya sanduku hilo linapanda ndege usiku, gari la wagonjwa linangoja uwanjani, na bado waganga wanahangaika na masaa.

Wanahangaika kwa sababu baridi nayo inaumiza. Madhara mengine hayaonekani ini likiwa ndani ya sanduku. Yanatokea dakika damu ya moto inaporudi ndani yake, na vijifereji vya nyongo ndivyo vinaumia zaidi. Ini lenye mafuta mengi au la mtu mzee halivumilii safari hiyo. Mengi yanatupwa bila kutumiwa, wakati wagonjwa wanakufa kwenye orodha wakingoja.

Hapo ndipo wengine walijiuliza: juu ya nini tulilaze ini usingizi? Tuliache lifanye kazi. Huko Oxford, Uingereza, munganga Peter Friend na mhandisi Constantin Coussios walitengeneza mashine inayopitisha damu yenye hewa na chakula ndani ya ini, kwa joto la mwili, nyuzi 37. Mgonjwa wa kwanza alipokea ini la namna hiyo London mwaka 2013. Mwaka 2018 wakatangaza matokeo ya upasuaji 220 uliofanywa Ulaya: alama za kuumia kwa ini zilishuka kwa nusu, na maini yaliyotupwa yalikuwa pungufu kwa nusu, hata kama yalikaa nje ya mwili muda mrefu kuliko yale ya barafu. Ila tuseme ukweli wote: wagonjwa walioishi hawakuwa wengi zaidi upande wa mashine kuliko upande wa barafu.

Faida kubwa, kwa maoni yangu, ni nyingine. Ndani ya mashine ini linatoa nyongo, na munganga anaona kama linafanya kazi kabla hajapasua mtu. Nani kwetu ananunua moto bila kuwasha injini kwanza?

Waswisi walikwenda mbali zaidi. Mwezi wa 5 mwaka 2021, timu ya munganga Pierre-Alain Clavien huko Zurich ilipandikiza ini lililokaa ndani ya mashine siku 3. Ini hilo lilikuwa limekataliwa na hospitali zingine. Mashine iliondoa uchafu wa damu kama figo, ililipa sukari na homoni zake, hata ililitikisa polepole kama linavyotikiswa na pumzi ndani ya tumbo. Mwaka mmoja baadaye mgonjwa alikuwa mzima.

Huku Afrika, Afrika Kusini na Misri zinapandikiza ini. Kwa majirani zetu kinachofahamika ni figo: hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza mwaka 2017, na Mulago ya Kampala mwaka 2023. Mwenye kuhitaji ini na mwenye pesa anakwenda India, mara nyingi pamoja na ndugu yake. Ndugu anakatwa kipande cha ini, kipande kinavuka kutoka chumba kimoja cha upasuaji mpaka cha pili, na ini la kila mmoja linakua tena ndani ya miezi michache. Safari ya ini inakuwa ya hatua chache. Safari ya watu ndiyo inauzisha shamba.

Kwa mkaaji wa Lusangi, basi, sanduku lenye barafu linalohusu ini lake ni lingine, na analijua: lile la chanjo, linalofungwa nyuma ya moto ya muuguzi. Ndani yake mna kinga ya homa ya ini aina B, ile waganga wanaita epatiti B, mojawapo ya magonjwa yanayoharibu ini mpaka linakauka au linapata kansa. Mtoto akiupata wakati wa kuzaliwa kutoka kwa mama, mara 9 kati ya 10 ugonjwa unabaki ndani yake, na anaweza kukaa miaka mingi bila kujua.

Kwetu Kongo kinga hiyo imo ndani ya pentavalenti, inayotolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Tangu 2009 OMS inashauri pia dozi ya kwanza ndani ya masaa 24 baada ya kuzaliwa. Masaa tena! Mama anayezalia nyumbani, mbali na kituo, ndiye anakosa.

Wazee wa Kasongo wanakumbuka kwamba habari hii si ngeni. Katika miaka ya 1970, waganga wa Kasongo pamoja na taasisi ya magonjwa ya nchi za joto ya Antwerp, Ubelgiji, walichanja watoto dhidi ya surua, na walichokiona kilichapishwa kunako 1981 katika The Lancet, jarida la waganga linalosomwa dunia nzima. Kazi yote hiyo ilitegemea baridi isiyokatika.

Chanjo ya epatiti B inatunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Kama ini, haipendi joto, lakini kuganda ndiko kunaiua, na muuguzi aliyejaza barafu kali sana kwa nia njema anaweza kubeba chupa zilizokufa. Kuna njia ya kupima: chukua chupa unayoishuku, na nyingine ya aina na fungu lilelile uliyoigandisha makusudi kisha ikayeyuka, zitikise pamoja, uziweke mezani. Ile iliyoganda, vumbi lake jeupe linashuka upesi. Kama zote mbili zinashuka sawasawa, usimchome mtoto.