Bahasha ya Muheza

"Mwanangu, mbona maji yanadondoka kama machozi? Fungua yakimbie, mtoto anakwisha!"

Bibi huyo alikuwa ametoka Nyabibuye usiku, mjukuu mgongoni mwa mama yake, juu ya bodaboda. Homa kali, pumzi za haraka, mikono na miguu ya baridi. Nilimwelewa. Mwaka 2009, Kakonko ikiwa bado sehemu ya Wilaya ya Kibondo, hata mimi ningeikimbiza dripu hiyo. Ndivyo nilivyofundishwa uuguzi. Watoto walifumbua macho, nami nikamshukuru Mungu. Baadhi yao walifariki kabla hakujakucha, nikaamini walichelewa kuletwa.

Kumbe miaka hiyohiyo, katika Hospitali ya Teule kule Muheza, huko Kilifi nchini Kenya na katika hospitali nne za Uganda, watu walikuwa wamethubutu kuuliza kama maji hayo ya haraka yanasaidia kweli. Utafiti uliitwa FEAST, ukiongozwa na Dk. Kathryn Maitland wa Kilifi. Mtoto wa aina hii alipofika, ilichukuliwa bahasha iliyofuata, iliyofungwa, isiyoonyesha ndani. Bahasha ndiyo iliyosema apewe maji ya chumvi kwa haraka, au maji yenye albumini kwa haraka, au asipewe ya haraka kabisa. Tiba nyingine zote, dawa ya malaria, antibiotiki, oksijeni, damu kwa aliyepungukiwa, zilikuwa za wote.

"Yaani mlipigia kura uhai wa watoto?" bibi akauliza nilipomsimulia hayo.

Nikamwambia: bibi, angekuwepo aliyejua jibu, kura ingekuwa dhambi. Hakuwepo. Ningeachiwa mimi kuchagua, maji ningempa aliyezidiwa, mwenye nafuu nikamwacha. Baadaye nikihesabu vifo, ningekuwa nimelinganisha mahututi na wenye nafuu, kisha niseme maji ndiyo yaliyoua, au ndiyo yaliyoponya. Kura inawachanganya wote, waliotoka karibu na mbali, waliochelewa na waliowahi, hata kwa mambo tusiyoyajua, ili kinachotofautiana kiwe maji tu. Lakini idadi iwe kubwa. Kwa watoto ishirini, bahati mbaya tu yatosha kutudanganya.

Ridhaa ya wazazi nayo ilikuwa mtihani. Mama ambaye mwanawe anakata roho hawezi kusomewa kurasa za maelezo, kwa hiyo pale ilipobidi aliulizwa kwanza kwa mdomo, karatasi zikafuata baadaye. Wapo waliolipinga hilo. Mimi naona kumsomea mama kurasa hizo saa ile kungekuwa ukatili.

Walilenga watoto 3,600. Januari 2011, walipofika 3,141, kamati huru iliyokuwa ikikagua takwimu ilisema basi. Ndani ya saa 48, kati ya kila watoto 100 waliopewa maji ya haraka, karibu 11 walifariki. Kwa wasiopewa, 7. Na katika saa ya kwanza waliomiminiwa maji ndio walioonekana kupata nafuu zaidi! Macho yangu yasingeligundua kamwe.

Mtoto aliyekaushwa na kuhara hakuwa kwenye utafiti huo; yeye maji bado ni uhai wake, na hatuyacheleweshi.

Bibi alinyamaza, akaitazama dripu. "Na huyu wangu, mmempigia kura?"

"Hapana, bibi. Wenzake walishapigiwa Muheza."

Akavuta kigoda, akaanza kuhesabu matone pamoja nami.