MSTARI MWEKUNDU NI DHAHABU

Mtoto mwenye homa akifikishwa zahanati hutobolewa kidole, na tone la damu huwekwa kwenye kipimo cha haraka cha malaria. Baada ya muda mfupi mstari mwekundu hutokea. Wengi hudhani wekundu ule ni damu. Sivyo. Ni dhahabu.

Dhahabu nyekundu?

Ndiyo. Dhahabu ya pete ni ya njano, lakini chembe zake ndogo sana zikiwa ndani ya maji huonekana nyekundu. Mwingereza Michael Faraday alieleza jambo hili mwaka 1857. Chembe ya nanomita 40 ni ndogo hivi: ukipanga 25,000 kwa mstari, utapata milimita moja.

Hukuzwaje?

Chumvi ya dhahabu huyeyushwa katika maji ya moto, kisha hutiwa sitrati, yenye asili moja na ukali wa ndimu. Sitrati ikipungua, chembe huwa kubwa na rangi huelekea zambarau. Metali nyingine hugeuzwa mvuke mahali pasipo hewa, ukatua juu ya kioo kama umande. Kioo kikiinamishwa, huota vifimbo. Umbo na ukubwa ndivyo huamua kazi.

Hufanyaje kazi?

Chembe huvikwa kingamwili inayonasa protini ya vimelea vya malaria. Zikikusanyika penye T, malaria ipo. Mstari wa C huonyesha kipimo ni kizima, usipotokea, kirudiwe.

Kwa nini tujali?

Utafiti uliofanyika hapa Karagwe mwaka 2022 ulithibitisha vimelea vyenye usugu wa kiasi kwa artemisinini. Dawa mseto ya ALu bado iliponya wagonjwa, lakini tukiimeza ovyo tutaipoteza. Basi, wazazi wa Ndama na kwingineko, tushike haya:

1. Mtoto akipata homa, apimwe ndani ya saa 24.
2. Kipimo kisipoonyesha malaria, usidai ALu. Huenda ni nimonia. Mwombe mganga atafute chanzo.
3. Ukipewa ALu, maliza siku zote tatu, pamoja na chakula.
4. Homa ikirudi, taja tarehe uliyotumia dawa. Mstari wa T waweza kuonekana kwa wiki kadhaa hata baada ya kupona.
5. Degedege, kushindwa kunyonya au kutapika kila kitu: hospitali mara moja!

Pima kwanza, ndipo utibu.