Chuma Hiki Kimetoka Wapi?

Leo tutazungumza juu ya mionzi. Mionzi ni nguvu itokayo katika vitu fulani. Haionekani, wala haina harufu. Mikononi mwa daktari hutibu kansa. Ikiachwa ovyo huweza kuua.

Tarehe 16 Januari 1984, lori lililobeba nondo za kujengea lilifika kwenye maabara ya atomiki ya Los Alamos, nchi ya Marekani. Mara chombo cha kupimia mionzi kikatoa ishara ya hatari. Nondo zenyewe ndizo zilizotoa mionzi!

Wataalamu walitafutaje asili yake? Kwanza, walipima. Kila kitu cha namna hii hutoa mionzi yenye nguvu yake maalum, kama vile kila mtu alivyo na sauti yake. Hii ilikuwa ya kobalti 60, itumiwayo katika mashine za hospitali.

Pili, waliuliza: nondo zimetengenezwa wapi? Wakafika kiwandani Chihuahua, nchi ya Meksiko. Tatu, kiwanda kimepata wapi chuma? Kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu katika mji wa Ciudad Juárez. Na yeye je? Alikuwa ameuziwa vipande vya mashine ya kutibia kansa, iliyokaa miaka mingi katika ghala ya hospitali bila ya kutumiwa.

Ndani yake mlikuwa na punje kama 6,000 za kobalti, kila moja ndogo kama ulezi. Mwezi wa Desemba 1983 chombo kilichozihifadhi kilitobolewa. Punje zikamwagika, zikachanganyika na vyuma, zikayeyushwa pamoja navyo. Watu wengi walipatwa na mionzi bila ya kujua. Huko Meksiko nyumba zaidi ya 800 zilibomolewa, nzima au sehemu yake, kwa sababu ya nondo hizo.

Mashine ile ingalitunzwa na kuandikwa katika daftari la serikali, hasara hii isingalitokea.

Basi, mkikuta chuma chenye alama ya mapanga matatu meusi yaliyozunguka doa jeusi, juu ya rangi ya manjano, msikiguse, msikivunje, wala msikiuze. Ondokeni, wazuieni watoto, mkatoe habari polisi upesi.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Wataalamu walifuata hatua gani mpaka wakafika hospitalini?
2. Katika mtaa wenu, vyuma vikuukuu hutoka wapi, na nani huvikagua?

Kwaherini.