Imani, Hofu na Kupona kwa Bega

Bega ndilo kiungo kinachozunguka pande nyingi kuliko vyote mwilini. Uhuru huo hutokana na tundu lake lisilo na kina, ambamo kichwa cha mfupa wa mkono hushikiliwa na misuli minne na kano zake. Kano hizo zikiuma, kuchana nywele, kuanika nguo au kujitwisha ndoo huwa mateso, na usiku mgonjwa hashiki usingizi kila anapolalia upande huo. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba maumivu hulingana na ukubwa wa jeraha, hivyo dawa ni kurekebisha kilichochanika. Imani hiyo imepungua nguvu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, mabega ya wanaume 51 wasiosikia maumivu yoyote yalipigwa picha za ultrasound, na asilimia 96 kati yao wakakutwa na kasoro fulani.

Kama picha haisemi yote, basi nini kinachomtofautisha anayepona na asiyepona? Jibu zito lilitoka mashariki mwa Uingereza, ambako Rachel Chester na wenzake walifuatilia watu 1,030 waliokwenda kwa wataalamu wa fiziotherapia kutibiwa bega. Waliwapima mambo mengi siku ya kwanza, kisha wakawauliza hali zao baada ya wiki 6 na baada ya miezi 6. Waliopata nafuu kubwa zaidi walikuwa wale waliotarajia kupona kabisa kwa matibabu hayo, na wale walioamini kwamba wanaweza kuendelea na shughuli zao hata bega likiwa bado linauma. Vipimo vya kulikunja na kulinyoosha bega ili kutafuta kano iliyoumia havikubashiri matokeo kwa uthabiti wa namna hiyo. La kushangaza zaidi ni kwamba walioanza na hali mbaya lakini wakijiamini, mara nyingi walifika sawa na walioanza na nafuu bila kujiamini, au hata wakawapita.

Nchini Marekani, zaidi ya wagonjwa 400 wenye kano iliyochanika kabisa bila ajali walipewa mazoezi kwanza. Baada ya miaka 2, takriban robo tatu hawakuwa wamefanyiwa upasuaji. Kilichobashiri zaidi nani angeishia kupasuliwa kilikuwa kutokuwa na imani na mazoezi tangu mwanzo, wala si ukubwa wa mchaniko.

Hofu nayo ina njia yake. Mtu anayeamini kwamba kila uchungu ni dalili ya kuchanika zaidi huufunga mkono ubavuni. Misuli hudhoofika, kiungo hukakamaa, na siku anapojaribu kuunyanyua maumivu huwa makali kuliko awali, jambo linalomthibitishia hofu yake. Mzunguko huu ulielezwa kwa kina na Johan Vlaeyen na Steven Linton mwaka 2000. Wasiwasi, huzuni ya muda mrefu na kukosa usingizi huuchochea, kwa sababu ubongo una uwezo wa kuzipunguza au kuziongeza ishara za maumivu zinazopita katika uti wa mgongo.

Hapa pana kosa linalowaumiza wengi: kumwambia mgonjwa kwamba maumivu yake ni ya mawazo tu. Maumivu hayo ni ya kweli. Tena, imani peke yake haiungi kano, na tafiti hizi zinaonyesha uhusiano zaidi kuliko chanzo kamili.

Hata hivyo, maneno ya mtoa huduma yana uzito wa tiba. Mgonjwa akiambiwa bega lake limeisha, hurudi nyumbani na woga. Akielezwa kwamba mabadiliko mengi katika picha huja na umri na kwamba mazoezi yenye uchungu wa kuvumilika kwa kawaida hayaleti madhara, huanza kulitumia. Mazoezi hupangwa kutoka mepesi kwenda mazito, ili kila hatua impe ushahidi kwamba mkono wake unaweza.

Bega lililoumia kwa kuanguka, linaloambatana na homa, au linalouma pamoja na kifua kubana, lisisubiri mazoezi wala matumaini: mgonjwa awahishwe hospitali. Kwa mengine yote, mtaalamu amuulize mgonjwa siku ya kwanza kabisa anatarajia nini na anaogopa nini, na mgonjwa ajibu bila kuficha.