Hati ya Udereva na Siku za Mkopo

Hati ya udereva, ile ambayo wengi kwetu huiita permi, ni kitu kidogo. Katika Uingereza ni kadi tu, yenye kuenea katika mfuko wa shati. Lakini pasipo kadi hiyo dereva wa kamio hapewi mzigo, na muuguzi anayezunguka vijijini kutunza wazee hawezi kushika usukani. Chakula cha watoto wengi hutegemea kadi hiyo.

Kila kadi ina siku yake ya mwisho. Basi tuulize: siku hiyo ikifika wakati serikali imewakataza watu kutoka nyumbani kwa sababu ya ugonjwa wa kuambukiza, dereva afanye nini? Aende ofisini na kusongamana na wagonjwa? Au abaki nyumbani, na kesho aendeshe akiwa na hati iliyokwisha?

Swali hili si la kubuni. Tarehe 30 Januari 2020 Shirika la Afya la Dunia lilitangaza kwamba ugonjwa wa Korona umekuwa hatari kwa mataifa yote, na tangazo hilo halikuondolewa mpaka tarehe 5 Mei 2023. Katika nchi nyingi ofisi zilifungwa. Leo tutazame namna Uingereza ilivyotenda katika shida hiyo, maana mna mambo ya kuiga, na mengine ya kuepuka.

MASHAHIDI WAWILI KATIKA KADI MOJA

Kwanza tufahamu hati ya udereva inasema nini. Inatoa ushuhuda wa namna mbili. Ushuhuda wa kwanza: mtu huyu amejifunza kuendesha, amejaribiwa, naye anafaa kwa macho na kwa afya. Ushuhuda wa pili: mtu huyu ndiye huyu unayemwona, wala si ndugu yake, wala si mwizi aliyeokota kadi.

Ushuhuda wa pili hutolewa na picha. Uingereza ilikaa miaka mingi na hati za karatasi zisizo na picha. Kadi zenye picha zilianza mwaka wa 1998. Kazi hiyo iko mikononi mwa idara iitwayo kwa kifupi DVLA, yenye makao yake katika mji wa Swansea, nchi ya Wales. Idara hiyo huhudumia Uingereza, Scotland na Wales. Ireland ya Kaskazini ina idara yake.

Sasa angalieni jambo ambalo wengi hulichanganya. Kwa dereva wa motokari ya kawaida, ruhusa ya kuendesha hudumu mpaka atimize miaka 70. Baadaye huiomba upya kila miaka 3, akitangaza mwenyewe hali ya afya na macho yake. Lakini picha haidumu hivyo. Kila miaka 10 ni lazima kadi itengenezwe upya, kwa sababu uso wa mtu hubadilika. Kijana wa miaka 20 mwenye nywele nyingi si sawa na baba wa miaka 30 mwenye ndevu. Askari akishika kadi yenye sura ya zamani, atajuaje kama ni yeye? Asiyeitengeneza upya kadi yake aweza kutozwa faini ya hata pauni 1,000.

Kanuni za picha nazo ni nyingi. Picha ya kutumwa kwa barua iwe na upana wa milimeta 35 na urefu wa milimeta 45. Iwe ya rangi, na nyuma ya mtu pasiwe na mapambo wala kivuli. Uso uonekane wote, macho yawe wazi, kinywa kimefungwa. Miwani isiwe ya kuzuia jua wala isimetemete. Kofia haikubaliwi, ila kitambaa cha kichwa kinachovaliwa kwa sababu ya dini au ya matibabu. Na kama sura ya mtu imebadilika sana, yampasa kumtafuta mtu mwenye kuaminika anayemfahamu, atie sahihi kushuhudia kwamba picha ni yake.

Huenda wengine watacheka na kusema: Mambo madogo hayo! Si madogo. Kila kanuni hapo inaziba njia moja ya udanganyifu.

UGONJWA ULIPOINGIA

Tarehe 23 Machi 2020 serikali ya Uingereza iliwaamuru watu wote wakae nyumbani, wasitoke ila kwa haja ya lazima. Majaribio ya udereva yalikuwa yamesimamishwa siku chache kabla. Waganga walikuwa na kazi ya wagonjwa usiku na mchana.

Fikirini sasa hali ya mtu aliyepaswa kupata picha mpya. Mwenye pasipoti ya Uingereza iliyo halali hakuwa na taabu kubwa: aliweza kuomba kadi kwa njia ya intaneti, nayo idara ikachukua picha iliyokwisha kuwekwa na ofisi ya pasipoti. Lakini yule asiye na pasipoti, ambaye mara nyingi ndiye asiye na fedha za kusafiri ng'ambo, alipaswa kutoka. Aende Posta apigwe picha huko, au atafute kibanda cha picha, kisha atume karatasi kwa barua. Ndivyo ilivyo mara nyingi katika dunia: kanuni ni moja kwa wote, lakini uzito wake si mmoja.

Tena palikuwa na jambo la kushangaza kidogo. Tangu tarehe 15 Juni 2020, kila mtu aliyepanda basi au treni katika Uingereza aliagizwa kufunika kinywa na pua. Tangu tarehe 24 Julai agizo hilo likafika madukani. Lakini mbele ya kamera ya hati sheria ilidai uso ulio wazi. Amri zote mbili zilikuwa na haki. Moja ililinda uhai, nyingine ililinda ukweli. Shida ilikuwa kuzitimiza zote mbili kwa siku moja.

MIEZI KUMI NA MMOJA

Jibu la serikali lilikuwa hili. Mwezi wa Juni 2020 ilitangazwa kwamba kila hati iliyokwisha au itakayokwisha kati ya tarehe 1 Februari na tarehe 31 Agosti ya mwaka huo itahesabiwa kuwa halali kwa miezi 7 zaidi. Hayo yalipatana na sheria ambayo Umoja wa Ulaya uliitoa tarehe 25 Mei 2020. Maana Uingereza, ijapokuwa ilikwisha kutoka katika Umoja huo, iliendelea kushika sheria zake mpaka mwisho wa mwaka. Baadaye Uingereza ikaongeza yenyewe: hati zote zilizokoma kati ya tarehe 1 Februari na tarehe 31 Desemba 2020 zikapewa miezi 11.

Kwa mfano, kadi iliyoandikwa kwamba itakwisha tarehe 15 Aprili 2020 ilihesabiwa kuwa nzima mpaka tarehe 15 Machi 2021. Mwenye kadi hakuombwa kuandika barua wala kulipa kitu. Kadi ikabaki ile ile, na picha ile ile, na tarehe ile ile iliyopita.

Hapo serikali ilitenda kwa busara. Picha ikizidi umri wake kwa miezi michache, haimgeuzi mtu kuwa mwingine. Lakini maelfu ya watu wakisimama pamoja mlangoni pa ofisi, ugonjwa hupata njia. Kati ya hatari ndogo na hatari kubwa, walichagua ndogo. Tena kwa kuwa siku ziliongezwa kwa wote pasipo maombi, mtu hakuhitaji kumjua mkubwa fulani ili apate nafuu. Hilo ni jambo la kuiga.

LILE LISILOLEGEZWA

Lakini angalieni vizuri: serikali iliahirisha ushuhuda wa pili, ule wa picha. Ushuhuda wa kwanza, wa macho na afya, haukufutwa. Dereva aliyeanza kupatwa na kifafa, au ambaye macho yake yamefifia, alibaki na wajibu ule ule wa kuiarifu idara na kuacha usukani. Sheria ya nchi ile hudai kwamba dereva aweze kusoma namba za motokari kwa umbali wa meta 20, kwa miwani kama anahitaji. Ugonjwa wa Korona haukupunguza hata meta moja.

Jambo hilo laonekana wazi zaidi kwa madereva wa kamio na mabasi. Wao, tangu umri wa miaka 45, huhitaji cheti cha mganga kila miaka 5, na tangu miaka 65 kila mwaka. Mwaka wa 2020 waganga hawakuwa na nafasi, na kamio hazikuweza kusimama, kwa kuwa zilibeba chakula na dawa. Basi madereva waliokuwa hawana ugonjwa wa kutangaza walipewa hati ya mwaka 1 tu pasipo cheti. Si miaka 5, bali mmoja. Serikali iliwaamini, lakini iliwaamini kwa kipimo.

Hapo sheria inamwachia mtu dhamiri yake. Hakuna askari anayeweza kuyapima macho ya kila mpitaji. Dereva pekee ajua kama jana jioni hakumwona mtoto aliyevuka njia mpaka alipokuwa karibu mno. Akinyamaza kwa kuwa hati yake bado ni halali, sheria haimshiki leo. Lakini aweza kumwua mtu kesho.

DENI LIKAFIKA

Wahenga walisema: Dawa ya deni ni kulipa. Siku zilizoongezwa hazikuwa zawadi, zilikuwa mkopo. Kila mmoja aliyepewa miezi 11 alipaswa bado kupeleka picha yake baadaye, pamoja na wale ambao zamu yao ilifika kwa kawaida. Hati zilizokwisha tangu tarehe 1 Januari 2021 hazikuongezewa siku tena. Tena angalieni: tarehe 4 Januari 2021 serikali ilitangaza mara nyingine kwamba watu wa Uingereza wakae nyumbani. Nafuu ilikoma wakati shida ilipokuwa imerudi.

Na huko Swansea mambo yalikuwa mazito. Idara ilizoea kupokea barua 60,000 hivi kila siku. Barua haifunguki yenyewe. Ni lazima mtu aje ofisini, aifungue na kuisoma. Lakini ofisini ugonjwa ulikuwa umeingia: zaidi ya wafanyakazi 500 walipatikana na Korona. Chama chao kililalamika kwamba watu wengi mno wanaitwa kufanya kazi ndani ya jengo, na mwezi wa Aprili 2021 wakagoma.

Barua zikarundikana. Kati ya Aprili 2020 na Machi 2022 watu wapatao milioni 3 waliotumia posta walicheleweshwa. Waliongoja kupita wote ni wale wenye magonjwa ya kutangaza, yaani wale wale waliosema kweli. Sheria iliwaruhusu wengi wao kuendesha wakati wa kungoja, ikiwa mganga hakuwakataza. Lakini nendeni mkamweleze hayo tajiri wa kazi anayeshika kadi yenye tarehe iliyopita! Akisita, ni nani atakayemlaumu? Hajui sheria, aona tarehe tu. Hivyo mtu mwaminifu aweza kupoteza kazi kwa kosa lisilo lake.

TUJIFUNZE NINI?

La kwanza, sheria njema hujua sababu yake. Waliojua kwamba picha ni ya kumtambulisha mtu, na cheti cha mganga ni cha kulinda uhai wa wapitaji, waliweza kulegeza moja kwa urahisi na nyingine kwa uangalifu. Asiyejua sababu ya kanuni huishika yote kwa ukali, au huitupa yote.

La pili, nafuu ya wananchi isiwe mzigo kwa wafanyakazi. Serikali iliwapunguzia madereva safari ya ofisini, na hilo ni jema. Lakini mfungua barua wa Swansea naye ana mapafu, naye ana watoto nyumbani.

La tatu, anayekopesha siku yampasa kujiandaa kwa siku ya kulipwa. Kama njia ya intaneti ingalikuwa rahisi hata kwa asiye na pasipoti, rundo la barua lingalipungua.

Nanyi wanafunzi, ambao baadhi yenu mtakuwa makarani na wakubwa wa ofisi, kumbukeni haya. Mtu atakapofika mbele ya meza yenu na karatasi iliyopitwa na tarehe, msimfukuze upesi, wala msimpitishe upesi. Mwulize kwanza: Je, kilichopita ni picha yake tu, au ni uwezo wake wa kuendesha? Kama ni picha, aweza kungojewa kwa siku zilizowekwa na sheria. Kama ni macho yake, asipewe usukani hata siku moja, maana barabarani hayuko peke yake.